Waliozunguka Mashine Moja: Kompyuta, Muziki na Masomo Chini ya Mlima Meru

Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Taasisi iliyoitaka ilipaswa kuomba kibali maalumu, na kibali hakikupatikana kirahisi. Zuio lile lilikuwa na historia yake. Kompyuta ya kwanza ya nchi, ICT 1500 iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilitarajiwa kuweka hesabu za serikali sawa, lakini miaka ilivyokwenda hesabu zikazidi kuvurugika. Wataalamu wengi wa kuziendesha mashine hizo walikuwa wageni, na vipuri vilidai fedha za kigeni ambazo nchi ilizihitaji kwa mafuta na dawa. Viongozi wakaona heri mlango ufungwe kwanza. Ulikuja kulegezwa taratibu katika miaka ya 1980, ukafunguka hasa katika miaka ya 1990.

Naanza na zuio hilo kwa sababu bila kulijua mtu hawezi kuona ukubwa wa kilichotokea Arusha baadaye. Kizazi kilichoifanya kompyuta kuwa chombo cha kutungia, kurekodia na kujifunzia chini ya Mlima Meru hakikukua nayo. Kilikua na redio na kaseti. Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kijana wa Ngarenaro au Kaloleni aliyezaliwa miaka ya Azimio la Arusha aliweza kumaliza shule bila kuiona kompyuta ikiwashwa.

Mji wenyewe ulikuwa wa ofisi na mikutano. Azimio lilitangazwa hapa mwaka 1967, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafanya Arusha makao yake makuu. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, majengo yake marefu yakageuzwa kuwa kituo cha mikutano, AICC. Mwaka uliofuata Chuo cha Ufundi kikafunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Kisha, katikati ya miaka ya 1990, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ikaingia AICC na kuleta mamia ya wanasheria, wakalimani na makarani waliohitaji simu na intaneti ya kuaminika kila siku. Utalii nao ulikuwa unakua. Maduka ya intaneti yakaanza kuonekana katikati ya mji, kuzunguka Mnara wa Saa, na wateja wakawa wanalipia kwa dakika.

Lakini hayo yote yalikuwa ya ofisi. Mtu aliyekaa mbele ya kompyuta alikuwa mhasibu, karani au mgeni anayeandikia kwao. Walioigeuza mashine hiyo kuwa mali ya vijana wa mtaani walikuwa wanamuziki.

Rapu ilikuwa imekwisha kuingia kabla ya kompyuta. Mwaka 1991, katika mashindano ya Yo! Rap Bonanza jijini Dar es Salaam, Saleh J alichukua mdundo wa "Ice Ice Baby" akaweka maneno ya Kiswahili, na vijana nchi nzima wakagundua kwamba kumbe inawezekana. Arusha nayo ikaanza kuchana kwa mtindo huohuo: kaseti ya Mmarekani yenye mdundo mtupu, redio ya dabo deki, kipaza sauti cha kuazima. Mdundo ulikuwa wa mtu mwingine, na ulipokwisha, wimbo ulikuwa umekwisha. Hukuweza kuurefusha ubeti wala kupunguza besi, na mdundo wenyewe haukuwa na chochote cha kwenu. Ukitaka wimbo wako mwenyewe ulipanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako studio zilikuwa chache na saa ya studio ilikuwa ghali kuliko nauli.

Ndani ya hali hiyo, mwaka 1996, lilianzishwa kundi la X Plastaz. Sehemu kubwa ya kundi ilikuwa ndugu wa familia moja: Nelly, ambaye baadaye aliitwa Faza Nelly, Ziggy Lah, na wadogo zao. Aliyeungana nao kama rafiki ni Gsann. Baadaye akaja Yamat Ole Meipuko, maarufu kwa jina la Merege, mwimbaji wa Kimaasai aliyevaa rubega jukwaani kwa sababu ndiyo nguo yake. Kutoka nje aliingia Mholanzi Thomas Gesthuizen, aliyekuwa anajua Kiswahili na ambaye mwaka 1997 alianzisha tovuti ya kukusanya habari na nyimbo za hiphop ya Afrika. Yeye akawa kiungo chao na Ulaya.

Ushirikiano huo unastahili kutazamwa kwa makini, maana watu husema tu kwamba X Plastaz walichanganya rapu na nyimbo za Kimaasai, kana kwamba ni kumimina maziwa kwenye chai. Wimbo wa Kimaasai una kiongozi, olaranyani, anayerusha sauti juu, na kundi linalomjibu kwa mngurumo unaotoka kifuani na kooni. Pumzi yenyewe ndiyo ngoma. Hakuna ala inayohesabu, na mwendo unabadilika kufuatana na wachezaji wanavyoruka. Rapu kwa upande wake inasimama juu ya mdundo usiotikisika. Kwa kaseti ungeweza kuweka kimoja baada ya kingine tu. Kompyuta ilimruhusu mtayarishaji airekodi sauti ya mwimbaji, aitazame kwenye kioo kama mchoro, akate pumzi moja, aisogeze hadi iangukie pale ngoma inapopiga, kisha amchezee mwimbaji mwenyewe asikie kama bado ni wimbo wake. Hapo ndipo ushirikiano unapokuwa wa kweli: mwenye wimbo amekaa kando, ana haki ya kusema hapana.

Programu iliyofungua njia hiyo kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki ilitoka Ubelgiji. Didier Dambrin wa kampuni ya Image-Line alitengeneza toleo la kwanza la Fruity Loops mwishoni mwa mwaka 1997. Ilikuwa ndogo, haikuhitaji kompyuta ya nguvu, na ilisambaa kwa diski za kunakiliana mkono kwa mkono. Ukiifungua unakuta safu za vitufe vidogo, 16 kwa kila safu, na kila safu ni ala moja. Ukibofya cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13 kwenye safu ya ngoma kubwa, mapigo manne yanalia kwa usawa. Ukiongeza kingine katikati, mdundo unachechemea kidogo na kupata utamu. Mtu asiyejua nota hata moja aliuona muziki kwa macho, na waliosimama nyuma ya kiti chake waliuona pia. Kwa hiyo kila mmoja aliweza kunyoosha kidole kwenye kioo na kusema toa hicho, weka hapa. Chalii aliyekuja kuingiza sauti tu aliondoka akijua namna biti inavyojengwa. Wiki iliyofuata alirudi na wazo, na baada ya miezi akawa prodyuza wa wenzake.

Shule hazikuwa zinafundisha hivyo. Mtaala wa masomo ya kompyuta ulikuwa umeingia sekondari katika miaka ya 1990, lakini katika shule nyingi mwanafunzi alikariri sehemu za kompyuta kutoka ubaoni, akachora kibodi kwenye daftari, akafanya mtihani. Studio za Arusha hazikuwa na ubao wala vyeti. Zilikuwa na mashine moja, na foleni ya watu waliotaka kitu kutoka kwayo. Naamini vijana wa mji huu walijifunza kompyuta zaidi kwa foleni ile kuliko kwa mtaala.

Foleni hiyo ilipata nyumba katika sehemu kadhaa. Mojawapo ilikuwa Aang Serian, chama cha vijana kilichoanzishwa Arusha mwaka 1999 na watu wa makabila mbalimbali, wenyeji pamoja na wageni. Jina lake kwa Kimaa ni nyumba ya amani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama hicho kilifungua studio ambayo kijana asiye na fedha aliweza kuimudu. Wazo lao lilikuwa pana kuliko muziki: mashine ileile inayorekodi rapu irekodi pia hadithi, nyimbo na maarifa ya wazee, na vijana wenyewe ndio washike vifaa. Kutoka kwenye mawazo hayo ikazaliwa pia sekondari ya Noonkodin huko Eluwai, wilaya ya Monduli, shule iliyoingiza maarifa ya jadi katika masomo yake.

Nyumba nyingine ilikuwa mashariki mwa mji, kijiji cha Imbaseni, baada ya Usa River, mahali ambapo siku ya anga safi Meru inaonekana upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili. Mwenyeji wake alikuwa Pete O'Neal, aliyewahi kuongoza tawi la chama cha Black Panther katika mji wa Kansas City, Marekani. Alihukumiwa kifungo kwa kosa la kusafirisha bunduki kuvuka mpaka wa jimbo, akakimbia mwaka 1970 yeye na mkewe Charlotte, wakapitia Sweden na Algeria, na mwaka 1972 wakafika Tanzania. Walijenga nyumba Imbaseni kwa mikono yao. Mwaka 1991 uwanja wao ukawa kituo cha jamii, United African Alliance Community Center, ambacho wenyeji walizoea kukiita UAACC. Majirani walikuja kuchota maji. Vijana walikuja kusoma bure: Kiingereza, uchoraji, muziki, na kompyuta.

Charlotte, ambaye Arusha nzima inamwita Mama C, ni mchoraji, mshairi na mwanamuziki, na naona hilo ndilo lililofanya darasa la kompyuta la Imbaseni liwe tofauti na madarasa ya kuchapa barua yaliyokuwa yamejaa mjini. Pale mashine ilikaa jirani na rangi, ngoma na studio ya kurekodia. Mwanafunzi aliyejifunza kuandika kwa kompyuta alikuwa na shairi la kuandika. Vijana kutoka miji ya Marekani, wengine wakiwa wametoka kwenye maisha magumu ya huko, waliletwa Imbaseni kukaa na wenzao wa Meru, na walipokosa lugha ya pamoja walikutana kwenye biti. Wana hiphop wa Arusha walipita pale mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 2004 matunda yakaonekana hadharani. Lebo ya OUTHERE ya Munich, Ujerumani, ilitoa albamu ya X Plastaz iitwayo Maasai Hip Hop, na Arusha ikasikika kwenye maduka ya muziki ya Ulaya ikizungumza Kiswahili na Kimaa. Desemba ya mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu kutoka Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Matukio hayo mawili hayakujuana. Wasomi walikuwa na programu ya Kiswahili isiyo na watumiaji wa kutosha, na vijana wa studio walikuwa na kiu kubwa ya kompyuta, wakijifunza menyu za Kiingereza kwa kubahatisha na kusikilizia. Ingekuwa heri kubwa kama mtu mmoja angewakutanisha.

Faza Nelly aliuawa mwaka 2006, na Arusha ikapoteza sauti iliyokuwa imeifungulia njia. Lakini shule ile isiyo na jina ilikuwa imekwisha kuzaa wengine. Defxtro alikuwa anatengeneza midundo katika studio ya Noiz Mekah, rapa JCB na kundi la Watengwa walikuwa wamejichimbia Kijenge, kundi la Nako 2 Nako lilikuwa linatikisa redio za nchi nzima, na Joh Makini alikuwa njiani kuwa jina kubwa la rapu ya Kiswahili. Mji ambao miaka kumi kabla haukuweza kurekodi wimbo mmoja bila safari ya Dar es Salaam ulikuwa sasa na mtindo wake, wenye maneno mazito na midundo migumu, unaotambulika kabla hujasikia jina la msanii.

Kisha ukaja mwaka 2009. Julai mwaka huo mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kutoka baharini. Kabla ya hapo karibu mawasiliano yote ya intaneti kwenda nje yalipitia setilaiti, na bei yake ilimzuia mtu wa kawaida kutuma hata wimbo mmoja. Mwaka huohuo Gsann alisimama kwenye duara la kuchana la tuzo za BET Hip Hop nchini Marekani, pamoja na marapa KRS-One, Wale na Nipsey Hussle, akaangusha mistari yake kwa Kiswahili. Na hapa mjini, katika shule ya msingi ya Shepherds Junior, watoto walikuwa wanaandikiana kwa Twitter na watu wa mabara mengine.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 2003 na Mama Lucy Kamptoni, mfanyabiashara aliyeuza kuku hadi akapata mtaji wa kuijenga. Novemba 2008 shirika la Marekani liitwalo Epic Change lilichangisha kwa ajili yake zaidi ya dola 10,000 ndani ya saa 48 kupitia Twitter, na fedha hizo zikajenga darasa. Mara nyingi hadithi za namna hii huishia kwenye harambee. Hii iliendelea. Watoto wenyewe wakafundishwa kutumia mtandao uliowachangia, kwa Kiingereza cha herufi 140, wakajibu maswali na kuuliza yao. Mtoto wa darasa la tano anayejua kwamba kuna msomaji wa kweli anayesubiri huandika kwa uangalifu mwingine kabisa. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha anaelewa tofauti hiyo.

Nje ya mji umeme ulikuwa tatizo kuliko intaneti. Huko Karatu, kwenye njia ya Ngorongoro, shirika la Powering Potential lilianza na sekondari ya Banjika kwa kufunga kompyuta zinazotumia umeme wa jua. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilipotoka mwaka 2012, ikila wati chache tu, paneli zilezile ziliweza kubeba mashine nyingi zaidi. Ndani yake uliwekwa mkusanyiko wa RACHEL, wenye Wikipedia na masomo ya sayansi yanayosomeka bila intaneti. Wanafunzi hukaa wawili au watatu kwenye kioo kimoja. Maofisa wengi wa elimu huhesabu hilo kama upungufu. Mimi silioni hivyo, mradi kuna kazi ya kufanya pamoja: mmoja anabofya, mwingine anasoma kwa sauti, wa tatu anabisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umetokea Tengeru, kwenye Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Julai 2017 taasisi hiyo ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Data Science Africa, na watafiti vijana kutoka nchi nyingi wakaja kujifunza jinsi kompyuta inavyofundishwa kutambua vitu kwa mifano. Miaka mitatu baadaye timu ya Dina Machuve, aliyekuwa mhadhiri pale, iliingia kwenye mabanda ya kuku ya mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Kuanzia Septemba 2020 hadi Februari 2021 walikusanya kwa simu za mkononi maelfu ya picha za kinyesi cha kuku. Kila picha iliwekwa kwenye fungu lake: kuku mzima, mwenye koksidia, mwenye salmonela, mwenye mdondo. Baadhi ya sampuli zilithibitishwa maabara. Kwa picha hizo kompyuta ikafundishwa kutambua ugonjwa, ili mfugaji aliye mbali na daktari wa mifugo apate jibu kwa kupiga picha.

Hakuna mtaalamu wa kompyuta ambaye angeweza kufanya kazi hiyo peke yake. Mfugaji ndiye aliyejua kuku yupi hajala tangu asubuhi, na daktari wa mifugo ndiye aliyejua rangi ile ina maana gani. Picha zimewekwa wazi, na watafiti wa nchi za mbali wanazitumia leo kujaribu mbinu zao. Katika taasisi hiyohiyo Neema Mduma alitengeneza BakiShule, mfumo unaosaidia kubaini mapema mwanafunzi aliye katika hatari ya kuacha shule, na akashiriki kukusanya picha za majani ya migomba, mahindi na maharage kwa kazi ya namna ileile ya kutambua magonjwa.

Kati ya studio ya Kijenge na maabara ya Tengeru kuna umbali mkubwa wa elimu na fedha. Hata hivyo nikiziweka pamoja naona mwenendo mmoja, na ndio ninaotaka wasomaji wauchukue kama historia ya mji huu: kompyuta ilizaa matunda Arusha kila ilipokutana na watu wenye kitu chao cha kutengeneza, waliolazimika kuigawana. Mahali ilipofungiwa chumbani ikisubiri mtihani, ilizeeka na vumbi lake.

Sasa kuna jambo la haraka. Nyimbo zilizokamilika za miaka ile zinasikika hadi leo, lakini kazi ya ndani yake inapotea: mafaili ya Fruity Loops, sauti zilizorekodiwa mara ya kwanza na ya tano, mazungumzo kati ya mwimbaji na prodyuza yaliyonaswa kwa bahati, nyimbo za wazee ambao wengine wamekwisha kuzikwa. Yamo kwenye diski kuu za kompyuta zilizokufa, kwenye CD zilizochubuka, kwenye masanduku chini ya vitanda vya Kijenge, Sakina, Ngarenaro na Imbaseni. Diski ya namna hiyo haidumu kama karatasi. Makumbusho ya Azimio yapo palepale Kaloleni na yanatunza kumbukumbu za mji huu. Chuo kikuu cha Makumira kina walimu wa muziki na taasisi ya Tengeru ina wataalamu wa kompyuta wanaoweza kuokoa kilichomo. Nawaomba watu wa taasisi hizo tatu wakae meza moja mwaka huu. Na wewe mwenye diski ya zamani nyumbani, ya kaka yako au ya studio iliyofungwa, usiiuze kwa wanaonunua chuma chakavu kabla mtu hajanakili kilichomo.